Maktaba ya shule hulinda macho, usingizi na akili ya mtoto

Wazazi wengi wakisikia neno maktaba huwaza juu ya mitihani. Mtoto akiingia humo hudhaniwa kwamba anakwenda kudurusu, na asipokuwa na mtihani karibu, basi hana haja ya kuingia. Shule nyingi nazo huona hivyo hivyo. Chumba hufunguliwa kwa ajili ya watahiniwa, na wadogo hupita nje wakichungulia dirishani.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, wala si mwalimu. Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia rafu za vitabu. Hata hivyo, miaka ambayo nimewatibu watoto wa shule imenifanya niamini kwamba chumba kile, kama kipo na kama kiko wazi, ni sehemu ya afya ya shule sawa na choo safi na mfereji wa maji. Matatizo ambayo naletewa karibu kila juma yana uhusiano nacho: maumivu ya kichwa kwa sababu ya macho ambayo hayajapimwa, watoto wasiolala kwa sababu ya simu, na dawa ambazo zimetumiwa vibaya kwa sababu nyumba nzima haikusoma maandishi yaliyokuwa juu ya pakiti.

Si "saa nane", ni "baada ya saa nane"

Hebu nianze na hayo ya pakiti. Chukua ile dawa ya unga ya kuharisha tunayoiita ORS. Pakiti nyingine huchanganywa na lita moja ya maji safi, nyingine na nusu lita. Zote huuzwa katika maduka ya dawa, na ukizitazama juu juu zinafanana. Mama akizoea ya lita moja kisha akapewa ya nusu lita, dawa itakuwa nyepesi na haitamfaa mtoto ipasavyo. Akikosea upande wa pili, chumvi itazidi, na chumvi nyingi kwa mtoto aliyepungukiwa na maji ni hatari. Tofauti kati ya hizo mbili ni mstari mmoja wa maandishi madogo.

Au chukua dawa ya malaria ambayo wengi huijua kwa herufi zake mbili, AL. Humezwa mara mbili kwa siku kwa muda wa siku tatu, na kipimo cha pili humezwa baada ya saa nane tangu kile cha kwanza. Wapo waliosoma maneno hayo wakaelewa "saa nane", yaani saa nane ya mchana, hata kama kipimo cha kwanza kilimezwa saa sita. Kiswahili chetu hakina kosa lolote hapa. Mwenye kosa ni msomaji aliyepitisha macho juu ya maneno bila kuyasoma.

Sasa, mtu hujifunza wapi kusoma kitu ambacho hakuna aliyemwambia mapema kimesema nini? Kitabu cha kiada hakitoshi. Serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja hadi shuleni mwaka 2018, na kabla ya hapo, tangu 2015, mpango wa Tusome uliwapa watoto wa madarasa ya chini vitabu vyao vya kusomea. Hizo ni hatua za kupongezwa. Lakini mtoto hukutana na ukurasa ule ule wa kitabu cha kiada mara nyingi mno, mwalimu akiwa mbele na wenzake wakikariri naye, mpaka anaujua kwa moyo. Hapo hasomi tena, anakumbuka. Kitabu cha hadithi alichokichagua mwenyewe kutoka rafuni ni jambo tofauti. Hajui kitakachotokea ukurasa unaofuata, na njia pekee ya kujua ni kuusoma.

Mwanaanthropolojia Robert LeVine wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye katika miaka ya 1950 na tena ya 1970 alikaa Kisii akichunguza malezi ya watoto, alishughulikia suala hili kwa miaka mingi. Mwaka 2012 yeye na wenzake walichapisha kitabu kuhusu akina mama wa Mexico, Nepal, Venezuela na Zambia. Walitaka kujua ni kwa nini watoto wa mama aliyekwenda shule huishi kwa wingi kuliko watoto wa mama ambaye hakwenda. Waligundua kwamba jambo lenye uzito mkubwa ni ule uwezo wa kusoma na wa kuelewa lugha rasmi, lugha ya redio, ya muuguzi na ya maandishi, ambao mama aliupata utotoni na kubaki nao akiwa mtu mzima. Kwa maneno mengine, msichana wa gredi ya nne anayesoma hadithi ya sungura na fisi leo anajiandaa kusoma kadi ya kliniki ya mwanawe miaka ishirini ijayo, ingawa yeye anadhani anacheka tu.

Mtoto hajui kwamba haoni

Mzazi akiniletea mtoto "asiyependa kusoma", swali langu la kwanza halihusu bidii. Huuliza mtoto huketi wapi darasani, na kitabu hukishika umbali gani na uso.

Mtoto haji kwako akasema, "Mama, macho yangu hayaoni mbali." Atajuaje? Hajawahi kutazama kwa macho ya mtu mwingine. Anadhani ubao ni ukungu kwa kila mtu. Kwa hiyo hunakili kutoka kwa jirani yake, naye mwalimu humwita mwizi wa majibu. Hukunja uso na kufinya macho, humwambia mama kichwa kinauma jioni, na polepole huanza kukichukia kitabu. Nimewahi kumpima mvulana wa gredi ya sita ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiadhibiwa kwa uvivu. Hakuwa mvivu. Herufi ambazo wenzake huzisoma wakiwa mbali yeye alizisoma akiwa amekaribia kuzigusa.

Katika darasa lenye watoto sitini ni vigumu mwalimu ayatambue haya, wala simlaumu. Maktabani mambo ni tofauti. Huko mtoto huketi na kitabu chake mwenyewe, hasomi kwa pamoja na wenzake, na aliye zamu, awe ni mkutubi au mwalimu, humwona mmoja mmoja. Huyu analeta kitabu puani. Yule anafumba jicho moja. Huyu mwingine amefuata mstari kwa kidole mpaka mwisho kisha akapotea kuurudia mwanzo. Huhitaji shahada ya udaktari kuyaona. Unahitaji nafasi ya kumtazama mtoto akisoma.

Ushahidi kwamba shule inaweza kufanya kazi hii unatoka hapa hapa nyumbani. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa katika kaunti ya Trans Nzoia, ukiongozwa na daktari wa macho wa Kitale, Dkt Hillary Rono. Shule hamsini zilihusishwa na watoto zaidi ya 20,000 wakapimwa macho, wapimaji wakiwa ni walimu waliopewa mafunzo mafupi. Katika nusu ya shule hizo walimu walitumia utaratibu wa kawaida wa chati na barua. Katika nusu nyingine walitumia simu ya mkononi yenye programu iitwayo Peek, ambayo hupima na pia kuonyesha kwa picha jinsi ulimwengu unavyoonekana kwa mtoto asiyeona vizuri, kisha wazazi wakatumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha. Kati ya kila watoto 100 waliogunduliwa na shida katika zile shule za chati, 22 tu ndio waliofika hospitalini. Katika zile za simu walifika 54.

Nayapenda matokeo hayo kwa sababu mbili. Kwanza yanaonyesha kwamba simu ile ile tunayoilaani ikitumiwa na mtu mzima kwa kazi maalumu huokoa macho ya mtoto. Pili yanaonyesha ugumu ulipo. Kupima si shida kubwa. Shida ni kumfikisha mtoto kwa daktari baada ya kupima, na hilo huhitaji mtu shuleni ambaye anakumbuka jina la mtoto na kumuuliza mzazi tena na tena. Mtunza maktaba mwenye daftari la kuazimisha vitabu tayari ana majina.

Haraka ya jambo hili ni kubwa zaidi kwa wadogo. Kuna hali iitwayo jicho vivu, ambapo ubongo huzoea kutegemea jicho moja na kulipuuza lile lenye picha hafifu. Likitibiwa mapema, hasa kabla ya mtoto kutimiza miaka saba hivi, matokeo huwa mazuri zaidi. Likingoja mpaka sekondari, miwani peke yake mara nyingi haitoshi kulirudisha. Kwa sababu hiyo maktaba inayofunguliwa kwa watahiniwa tu huwakosa wale ambao ingewafaa kuliko wote.

Hapa wazazi huniuliza: Je, kusoma sana hakuharibu macho? Na je, miwani haimzoezi mtoto vibaya akawa hawezi kuiacha? La pili nalijibu kwa neno moja: hapana. Miwani iliyopimwa vyema haidhoofishi jicho. La kwanza lina ukweli kidogo. Kutazama vitu vya karibu kwa saa nyingi, mtoto akiwa ndani ya nyumba mchana kutwa, huenda pamoja na kuongezeka kwa tatizo la kutoona mbali. Huko Guangzhou, Uchina, watoto wa darasa la kwanza katika shule sita waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule, na wenzao katika shule sita nyingine hawakuongezewa. Baada ya miaka mitatu, wale wa nje waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30, na wale wengine karibu asilimia 40. Utafiti huo ulitangazwa mwaka 2015. Taiwan nayo tangu 2010 imekuwa ikizihimiza shule zake ziwatoe watoto nje kwa dakika 120 kwa siku.

Kwa hiyo sipendi kuona saa ya maktaba ikila saa ya kucheza. Mpeni mtoto kitabu aazime, akasome chini ya mwembe. Hata kivulini, mwanga wa nje huushinda kwa mbali mwanga wa darasani. Gharama yake ni daftari moja la kuandika nani amechukua nini.

Kishikwambi kabatini, simu chini ya blanketi

Serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka 2016, na zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Nimetembelea shule kwa shughuli za chanjo na za dawa za minyoo nikavikuta vimefungiwa kabatini, kufuli mbili, kwa hofu ya wezi. Hofu hiyo naielewa. Lakini jioni ya siku hiyo hiyo, mtoto yule yule ambaye hakuguswa na kishikwambi cha shule hujifunika blanketi na simu ya shangazi mpaka saa sita usiku, bila mtu wa kumwongoza. Basi mafunzo ya dijitali ameyapata, ila mwalimu wake ni nani?

Nawaambia wazazi waanze na usingizi, maana hilo ndilo ninaloliona kwanza kliniki. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Basi la shule likija saa kumi na moja na nusu alfajiri, fanyeni hesabu wenyewe, ndugu zangu. Watu husema mwanga wa buluu wa simu ndio unaofukuza usingizi. Labda unachangia, lakini kwa maoni yangu mkosaji mkubwa ni yale yaliyomo ndani ya simu. Mchezo hauna mwisho, video moja huita nyingine, na rafiki hungoja kujibiwa. Kitabu kina sura, na sura ina mwisho. Mtoto akifika hapo hukifunga, au hulala kikiwa kifuani, na hakuna aliyewahi kuniletea mtoto aliyedhurika kwa hilo.

Kwa wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Walimu wa chekechea nawaomba wasome ushauri huo kabla ya kuwasha runinga asubuhi ili darasa litulie.

Je, tufungie kila kitu? La, hasha. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima katika nchi ambayo ada, mshahara, miadi ya hospitali na hata cheti cha kuzaliwa viko kwenye simu. Lazima ajifunze. Ila napendelea ajifunze mahali penye mambo matatu: skrini ambayo watu wanaiona, muda wenye mwisho, na mtu mzima aliye karibu wa kuulizwa. Chumba chenye sifa hizo katika shule za Kenya ni maktaba. Vishikwambi vitoke kabatini viwekwe humo, vitano kwa mwanzo, mezani, vikielekea upande ambao mkutubi huona. Watoto wakae wawili wawili. Kila dakika ishirini wainue macho watazame kitu kilicho mbali, kama mlingoti wa bendera, kwa sekunde ishirini, kwa sababu mtu akikazia macho skrini hupepesa kope mara chache na macho hukauka, huwasha na kuwa mekundu. Watoto wengi waliopewa dawa za mzio wa macho walihitaji tu mapumziko hayo.

Jambo linalonipa wasiwasi kuliko macho ni imani. Wengi wenu mnakumbuka Machi 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipoingia nchini. Usiku mmoja simu zililia kijiji hadi kijiji: amkeni mnywe chai ya rangi kabla ya mapambazuko, kuna mtoto mchanga amesema ndiyo dawa. Watu waliamka, wakawasha moto, wakanywa. Strungi haikuua mtu, na tukacheka asubuhi. Lakini njia iliyoileta ile chai ndiyo njia inayoleta mizizi ya kutibu kisukari, vidonge vya kupunguza unene na maneno ya kuwaogofya akina mama wasiwachanje watoto wao dhidi ya surua. Hayo hayachekeshi. Nimewaona wagonjwa wa kisukari walioacha dawa kwa ajili ya video ya dakika mbili.

Mtoto aliyelelewa maktabani huwa na tabia moja ambayo haifundishwi kwa kukaririwa. Huuliza nani ameandika. Kitabu kina jina la mwandishi kwenye jalada, na mwaka na mchapishaji ndani. Mkutubi mzuri humwonyesha hayo mapema kama vile anavyomwonyesha kunawa mikono kabla ya kushika kurasa. Kisha humpa kitabu cha pili juu ya jambo lile lile aone kama vinakubaliana. Mtoto aliyezoea hivyo akipewa ujumbe usio na jina, usio na tarehe, na ambao mwisho wake unauza kitu, hushtuka. Huo mshtuko ndio kinga ninayoizungumzia. Haiji kwa sindano na huchukua miaka kujengeka.

Siku hizi kuna pia hizi programu za akili unde ambazo ukiziuliza swali hukujibu kwa lugha fasaha. Zina manufaa yake, nami sikatai. Lakini hujibu kwa ujasiri ule ule ziwe zimepata au zimekosea, na katika vipimo vya dawa kosa dogo linatosha. Mwanafunzi asiyekuwa na mahali pengine pa kuhakikisha jibu ni mateka wa jibu hilo. Afungue kamusi, afungue kitabu cha sayansi, amuulize muuguzi wa zahanati. Na insha aiandike mwenyewe.

Kuna na la siri za mtoto. Wakati wa kumfundisha kutafuta habari mtandaoni, afundishwe pia yasiyopaswa kuwekwa huko: picha yake akiwa na sare yenye jina la shule, nambari ya simu ya mama, mahali anapoishi, neno lake la siri. Afundishwe kwamba mgeni anayemwomba picha ni wa kuambiwa mtu mzima siku hiyo hiyo, na kwamba asiyemwambia mzazi kwa aibu anaweza kupiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto. Ibandikwe ukutani, juu ya hiyo meza ya vishikwambi. Vijana walioletwa kwangu na kichefuchefu na maumivu ya tumbo yasiyo na chanzo, ambao baada ya kuongea sana walifichua kwamba walikuwa wakitishwa na mtu wa mtandaoni, ni zaidi ya mmoja.

Tumbo la mtihani

Muhula wa tatu hunipatia wagonjwa wa aina moja: watoto wanaoumwa na tumbo asubuhi ya siku za shule, na Jumamosi wamepona. Tumbo hilo si uongo. Hofu huuma kweli. Kwa watoto hawa kila ukurasa wanaoufungua una alama mwishoni, na hawajawahi kusoma chochote ambacho hakitauliziwa swali.

Kwa hiyo nawasihi walimu: acheni angalau saa moja kwa juma ambayo mtoto anasoma anachotaka na hapewi zoezi juu yake. Nikiwa kijana wa sekondari mwishoni mwa miaka ya 1990 niliazima Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ikiwa imeshachakaa na imepoteza jalada. Hakuna aliyenitahini. Namkumbuka Kongowea bado, na sehemu kubwa ya kemia ya mwaka ule nimeisahau, ingawa nilihitaji kemia zaidi ili niwe daktari. Mtoto anayesoma hadithi hujifunza kwamba watu wengine nao huogopa, huachwa, huonewa na huendelea kuishi. Akija kliniki ana maneno ya kuniambia. Asiyesoma huniambia "naumwa" tu, na inanipasa nitafute kwa mkono.

Kutoka kusoma hadi kubuni si mbali. Nimeona shule moja ambayo watoto waliandika hadithi zao kwenye karatasi zilizotumika upande mmoja, wakachora jalada, wakazishona kwa uzi na kuziweka rafuni pamoja na vitabu vya dukani. Hadithi moja ilihusu mbu aliyekosa mlango wa kuingia katika neti. Iliazimwa mpaka ikararuka. Nimetoa mihadhara mingi juu ya neti, na sidhani hata mmoja umeombwa kurudiwa.

Hewa, vumbi na ufunguo

Chumba chenyewe hakihitaji kuwa cha fahari. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa kutumia ngamia watatu. Vitabu viko ndani ya masanduku, hema linakunjuliwa, mikeka inatandikwa chini ya mti, na hiyo ndiyo maktaba. Shule yenye darasa moja la ziada haina udhuru. Huduma za maktaba ziko miongoni mwa majukumu ya kaunti kwa mujibu wa katiba ya 2010, kwa hiyo mwalimu mkuu ana mlango wa kubisha. Aulize tawi lililo karibu kama laweza kumwazima sanduku la vitabu kwa muhula.

Ila masharti machache ya afya yafuatwe. Madirisha yafunguke pande mbili hewa ipite, kwani chumba kilichojaa watoto na kufungwa kote ni chumba cha mafua na, Mungu apishe mbali, cha kifua kikuu. Vumbi la vitabu vya zamani huamsha pumu, basi rafu zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, si kwa ufagio, na paa linalovuja lizibwe kabla ukungu haujaota kurasani. Meza ziwe karibu na dirisha. Miguu ya mtoto ifike sakafuni. Sumu ya panya isiwekwe mahali mkono wa mtoto unafika, na dawa ya wadudu ipulizwe siku za likizo tu.

Halafu kuna ufunguo. Katika mkutano ujao wa wazazi, baada ya ajenda ya karo na chakula, uliza ufunguo wa maktaba unakaa na nani, na asipokuwepo mlango hufunguliwa na nani. Uliza wadogo wa gredi ya kwanza na ya pili huingia siku gani. Uliza daftari la kuazima liko wapi, na mwanao amechukua nini mwezi huu.

Na siku ukiletewa barua kutoka kwa aliye zamu maktabani kwamba mtoto wako hushika kitabu karibu na pua, usingoje shule zifungwe. Hospitali nyingi kubwa za kaunti zina kitengo cha macho. Nenda na barua hiyo, nenda na mtoto asubuhi, na umwachie kitabu chake mkononi, kwani foleni huwa ndefu.